Mkanda nilioukopi kutoka gazeti la kale la Waingereza nusura uvunje harusi ya binti yangu hapa Joburg

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni, rika langu salama, vijana mambo.

Leo mvua inanyesha, mteja hakuna, chai iko mezani. Nimeona bora niliandike hili jambo lote kwa mpigo, maana nikilisimulia mtaani watu wanacheka kabla sijafika katikati, na mimi nabaki na hasira yangu mkononi.

Ni kweli tupu. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri. Mtasoma mpaka chini na hamtaona mahali nilipotoka vizuri.

Shule niliishia la nne. Mwenye kazi ya kusahihisha herufi za watu apite kimya.

Na majina nataja. Mke wangu kaniambia nisitaje. Nataja.

Mimi ni fundi cherehani, mtu wa Morogoro, naitwa Gervas. Nakaa Rosettenville, kusini ya Joburg, nashonea kwenye gereji ya nyumba tuliyopanga. Mke wangu Nomsa ni Msauzi aliyezaliwa kwetu Morogoro, enzi wazazi wake walikuwa wakimbizi wa siasa. Ndugu zake walipofungasha kurudi kwao, nikafungashwa na mimi.

Mji huu nimeuonja. Nimeibiwa cherehani mara mbili. Banda langu la kwanza lilichomwa moto na watu ambao asubuhi yake walinisalimia. Nikaokota mkasi, nikaanza upya. Kwa hiyo nikisema mkanda nusura unimalize, mjue nina vya kulinganisha.

Sasa kwa msio mafundi, niwaeleze kidogo tunavyofanya kazi huku, la sivyo hamtaelewa.

Fundi wa huku anaishi kwa picha. Mteja haji na maneno, anakuja na kidole. Anafungua katalogi, anaweka kidole, anasema nifanyie hii. Na wewe unashona hiyo, kifungo kwa kifungo.

Ukiongeza akili yako hata kidogo, siku ya kuchukua atakuwekea picha puani: "Fundi, kifungo hapa kiko wapi, na wewe umekiweka wapi?"

Nimegombana sana na watu ujanani. Mwisho nikajifunza: shona picha, akili weka mfukoni.

Shida ni kwamba mafundi wote wa hapa tuna picha zilezile, zile kalenda za mitindo za Wanaijeria. Mtu akitoka kwangu amependeza, akifika tu kwenye robot, yaani taa za barabarani, anakutana na mwenzake aliyetoka kwa fundi wa mtaa wa pili. Wamefanana kama walinzi wa kampuni moja. Wanarudi kwangu wote wawili wamenuna.

Nikawa natafuta picha ambazo hakuna mwingine anazo.

Hapo ndipo anaingia mkosaji wa kwanza. DEO.

Deo ni Mrundi, anauza vitu vilivyotupwa kule Bertrams, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Meza, vioo, vyombo vya marehemu. Kuna bibi mmoja wa Kizungu alifariki mtaa huo, watoto wake wako nje ya nchi, vitu vyake vikawekwa kando ya barabara. Deo akaona boksi la magazeti. Akanipigia simu.

"Mzee, njoo haraka. Kuna picha za Wazungu wamevaa kama wanaenda kuonana na mfalme."

Nikaenda. Wakuu, nilipofungua lile boksi nilikaa chini kwenye lami.

Magazeti ya Uingereza, ya kale hasa, yamejalidiwa kama vitabu, karatasi rangi ya chai ya maziwa. Picha hazikupigwa, zimechorwa kwa kalamu. Mchoraji amechora mpaka mshono! Unaona kabisa hapa uzi umepita mara mbili, hapa pindo limekunjwa. Makoti ya mikia miwili, vizibao vya vifungo kumi na kitu, kofia ndefu kama bomba la jiko. Wanawake viuno vyao vimebanwa mpaka unajiuliza chakula kinapitia wapi.

Mengine yalikuwa katuni. Wanaume wanene wamekaa kwenye viti vya ngozi, chini yao maneno mengi. Nomsa kasoma kuliko mimi, nikampa moja anisomee. Akasoma, akarudia kusoma.

Nikamuuliza, kichekesho kiko wapi?

Akasema, "Nafikiri huyu mnene amemwambia huyu mwembamba kitu kuhusu mvua."

Basi. Tukaangaliana. Hao ndio waliotutawala.

Lakini mengi yalikuwa matangazo ya biashara. Sabuni, baiskeli, nta ya sharubu, mtoto mchanga anatangaza dawa ya ini. Na nguo, wakuu. Nguo kurasa kwa kurasa.

Nikalibeba boksi lote.

Mkosaji wa pili ni mkasi wangu. Nasema mkasi, mtaelewa baadaye nakwepa nini.

Mwanzoni nilibandika kurasa kama zilivyo, na maneno yake. Ikawa balaa. Yale matangazo yalikuwa na bei, tena kwa shilingi! Kuna Mtanzania mwenzangu aliweka kidole kwenye koti, akasoma chini, halafu akatoa kwenye pochi sarafu ya shilingi tano ya nyumbani, akaniwekea juu ya cherehani. Anacheka peke yake. Kesho yake kaleta marafiki waje waone utani wake.

Nikasema haya maneno yana faida gani? Mteja anataka picha. Nikakaa siku mbili, nikakata kila neno. Kila herufi. Nikabakiza watu tu, nikawabandika kwenye makaratasi magumu kwa gundi ya sembe. Katalogi ikawa safi, inapendeza, haina kelele.

Ndugu zangu, yale maneno yalikuwa na kazi yake. Lakini nani angeniambia?

Dalili nilizipata mapema, niseme ukweli. Jamaa mmoja wa Bukavu alichagua shati lenye kola inayofika masikioni. Nikamshonea vilevile, na bakram ndani, kile kitambaa kigumu cha kusimamisha kola. Akawa hawezi kugeuza shingo. Akitaka kuvuka barabara anageuka mwili mzima, kama kabati linahamishwa. Baadaye ndipo Nomsa alipogundua ile picha tuliitoa kwenye katuni. Mchoraji alikuwa anamcheka yule mwenye kola.

Nikasema ni bahati mbaya ya mara moja. Nikaendelea.

Sasa tufike kwenye harusi.

Binti yangu Lindiwe alimpata kijana wa Kikongo anaitwa Trésor. Kijana safi, anafanya kazi ya ujenzi, ananisalimia kwa mikono miwili. Tatizo lilikuwa baba yake.

Andikeni hili jina: PAPA CÉLESTIN. Mkosaji wa tatu na mkubwa kuliko wote.

Papa Célestin ni mtu wa Lubumbashi, ana duka la viatu hapahapa Rosettenville. Anapiga pasi mpaka kamba za viatu. Alitaka mwanawe aoe Mkongo mwenzake, wa kanisani kwao. Alipoona kijana amekaza, akakubali kwa shingo upande. Mahari ikapelekwa, ikapokelewa, lakini akija kwangu anakaa pembeni ya kiti kana kwamba kina vumbi. Binti yangu alikuwa anamwogopa. Siku moja aliniuliza kwa Kiingereza chake kama nafikiri baba mkwe atawahi kumpenda. Nikamwambia niachie mimi.

Nikajipa moyo: nikiwavalisha hawa watu vizuri siku ya harusi, undugu utakaa sawa. Ndicho kitu pekee ninachokijua duniani, kuvalisha watu.

Papa akaja gerejini kuchagua sare ya upande wa bwana harusi. Wanaume wanane, pamoja na yeye mwenyewe na Trésor. Akafungua katalogi. Akapita makoti. Akapita kofia. Akasimama.

"Njo hii," akasema, yaani ndiyo hii kwa Kiswahili cha kwao. "Fundi, njo hii. Voilà."

Nikaangalia. Mwanaume wa Kizungu, sharubu zimepinda juu, kidevu juu, mkono mmoja kiunoni. Amevaa mkanda mpana nyongani. Kutoka kwenye mkanda kuna ugwe unapanda begani, na mwingine unashuka. Na mbele, chini kabisa upande wa kulia, karibu na kinena, kuna kitu cha duara kama kisahani cha kikombe.

"Weye angalia huyu mutu," Papa akasema. "Angalia vile anasimamaka. Mutu wa bure hasimamake hivi. Hii ni mukanda ya banoble, ya batu bakubwa."

"Na hili duara ni la nini, Papa?"

"Pa kuweka saa."

Alijibu bila kufikiri hata kidogo, kwa hiyo nikamwamini.

Nomsa alikuwa anapita na beseni la nguo. Akachungulia. "Baba Lindiwe, mbona huyu mtu hana suruali? Si amevaa chupi ndefu huyu?"

Papa hakumtazama hata. "Mama, ile ni suruali ya kupanda farasi."

Nomsa akaniangalia. Mimi nikaangalia uzi. Ningemsikiliza mke wangu siku ile, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika humu.

Nikashona. Wakuu, nisifiche, nilishona kazi ya maisha yangu. Velveti rangi ya damu ya mzee, ukingo wa dhahabu, bitana ya hariri. Lile duara nikalijaza sponji ngumu na juu nikazungusha nyuzi za dhahabu kama jua. Picha ilionyesha limesimama, halijalegea, basi na langu likasimama. Mikanda minane, ya kuvaliwa juu ya suruali na shati jeupe, koti likiwa wazi ili ionekane.

Siku ya kupima, wale saba walilalamika. Duara linabana mahali pabaya, mtu akikaa linamchoma. Papa Célestin yeye kimya. Anasimama mbele ya kioo anapumua polepole.

"Kaza," akaniambia.

Nikakaza.

"Kaza tena."

"Papa, nikikaza zaidi hutaweza kuvuta pumzi."

"Kuvuta pumuzi ni kazi yangu. Ya kwako ni kukaza."

Akatoka nao mwilini siku ileile. Akasema anauzoesha.

Jumamosi ya harusi ikafika. Kanisa limejaa, Wakongo upande mmoja, Wasauzi upande mwingine, sisi Watanzania wachache tumesimama nyuma na kamera za simu. Lindiwe yuko nje ndani ya gari lililopambwa, anasubiri bwana harusi na watu wake waingie kwanza.

Muziki ukapigwa. Wanane wakaingia wanacheza.

Mungu wangu! Kanisa zima likasimama. Velveti inawaka. Halafu kwa sababu ya lile duara walikuwa hawawezi kutembea miguu ikiwa karibu, wakawa wanapiga hatua pana za taratibu, kama majenerali. Watu wakadhani ndiyo staili. Vijana wa kwaya wakaanza kuziiga palepale. Mama mmoja akapiga vigelegele mpaka wigi likateleza.

Mimi nyuma machozi yananitoka. Nikasema leo Gervas umefika.

Ndipo nikamwona Malume.

Malume ni mjomba wa mke wangu, mzee wa sabini na kitu, ndiye aliyesimamia mahari upande wetu. Kwa desturi ya huku yeye akisema hapana, ni hapana. Alikaa Morogoro miaka yake ya ukimbizini, kisha wakampeleka Uingereza, akafanya kazi hospitali huko mpaka aliporudi. Kiswahili chake kimebaki kilekile cha enzi zile. Kila mtu kwake ni Ndugu.

Kanisa zima linapiga makofi. Malume amesimama, ameshika fimbo, amevua miwani, ameifuta, ameivaa tena. Uso wake umekuwa wa msibani.

Akaja nyuma, akanishika mkono. "Ndugu Gervas. Twende kando. Bila fujo."

Tukaingia chumba cha pembeni wanakoweka viti vya plastiki na ngoma. Akafunga mlango.

"Ndugu Gervas, wale ni wagonjwa tangu lini?"

"Nani, Mjomba?"

"Wale wanane. Na bwana harusi ni mmoja wao?"

"Bwana harusi yumo. Lakini wagonjwa kivipi?"

Akanitazama kwa huruma, kama daktari anayetafuta maneno. "Ndugu, mimi kule Uingereza kazi yangu ilikuwa stoo. Nimegawa ile mikanda miaka na miaka, kwa wazee wa Kizungu. Ule ni mkanda wa ngiri. Utumbo unapotokeza kinenani, ile duara inausukuma urudi ndani."

Palepale nikamwona yule Mzungu wa kwenye picha, na chupi yake ndefu, na maneno yote niliyoyakata na kuyatia kwenye ndoo ya taka.

Ningekuwa na akili ningesema ukweli dakika ile. Badala yake nikajitia ujanja.

"Hapana Mjomba, ile ni sare tu. Sare ya ukoo wao."

"YA UKOO!" Malume akakaa juu ya ngoma. "Eish! Umesema mwenyewe, Ndugu. Ukoo mzima! Baba, mtoto, wajomba! Na sisi tunawapa mtoto wetu?"

"Siyo hivyo, Mjomba..."

"Hapana. Hii harusi inasimama. Tutazungumza kwanza na wale watu. Kwa heshima, lakini tutazungumza."

Huko nje gari la bibi harusi linapiga honi. Kwaya imerudia wimbo mara ya tatu. Nimesimama kati ya viti vya plastiki nafikiria.

Nikisema ukweli, Papa Célestin anaaibika mbele ya watu wake wote, na mtu kama yule hasamehe kosa la nguo. Binti yangu ataishi na chuki yake miaka yote. Na mimi Rosettenville nitakuwa fundi wa mikanda ya ngiri mpaka nife. Nikinyamaza, Lindiwe anarudi nyumbani na shela lake kwenye gari lilelile.

Nikatoka, nikamwita Papa Célestin. Akaja na hatua zake za jenerali, amekunja uso. "Fundi, sasa ni saa ya kuitana?"

Nikafunga mlango. Nikasema yote. Boksi la Deo, matangazo, sarafu ya shilingi tano, mkasi. Nikamwambia, Papa, ile picha ilikuwa tangazo la dawa. Mkanda huo ni wa ngiri. Nimewavalisha nyinyi wote mkanda wa wagonjwa, na mjomba hapa anafikiri ukoo wenu una maradhi ya kurithi.

Wa kwanza kuvunjika mbavu alikuwa Malume. Alianza kwa kukohoa, mara mabega yanaruka, mara ameangukia kwenye ngoma, ngoma ikalia buu, na huko nje kwaya ikadhani ni ishara, ikaanza wimbo upya.

Papa Célestin hacheki. Ananitazama. Nikajiandaa kwa ngumi.

Akaenda mlangoni, akazungusha funguo. Akarudi. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Fundi. Tangu ile siku ya kupima, miye nalala."

"Sijaelewa, Papa."

"Mbele sikukuwa nalala. Maumivu. Miaka mbili." Akaweka mkono juu ya lile jua la dhahabu, upande wa kulia. "Eko hapa. Hata mama Trésor hajue."

Malume akaacha kucheka kama mtu aliyezimiwa redio. Akasimama, akaweka fimbo kando, akakunja mikono ya shati. "Ndugu, fungua koti. Nione."

Mimi nikageukia ukutani. Nilisikia tu vifungo, na Malume ananung'unika. Kisha:

"Fundi!"

"Naam, Mjomba."

"Kazi nzuri. Lakini umekaa juu. Pedi ishuke vidole viwili."

Nikapiga magoti kwenye sakafu ya kanisa na suti yangu ya baba wa bibi harusi, sindano mdomoni, nikaushusha vidole viwili. Papa Célestin akavuta pumzi ndefu. Akafumba macho.

"Aah," akasema. "Sasa njo vile."

Malume akamuuliza, safari hii kama karani wa hospitali, "Na kijana? Naye anayo?"

"Trésor? Trésor anabebaka mifuko mbili ya sementi, moja kila bega. Hii ya kwangu niliitoa kwa kubeba maboksi ya viatu. Si ya kuzaliwa."

"Na wale sita wengine?"

"Bazima. Banavaa bure."

Malume akafikiri. "Basi waendelee kuvaa. Ukivua wewe peke yako watauliza. Mkivua wote watauliza zaidi. Jumatatu unakwenda hospitali, Ndugu, mimi mwenyewe nakusindikiza. Huu ni mkanda, siyo dawa. Usipokwenda, nakuja kumchukua mtoto wetu."

Wakapeana mikono. Papa Célestin akanigeukia, na wakuu, mtu ambaye alikuwa anakaa pembeni ya kiti changu akanikumbatia. Alinikumbatia kwa mbali kidogo, kwa sababu ya lile duara, lakini alinikumbatia. Akaniita beau-frère, yaani shemeji kwa Kifaransa.

Tukatoka. Kanisa lote limegeuka kututazama, mchungaji ameshika saa yake mkononi. Malume akagonga fimbo chini, akatangaza kwa Kiswahili chake cha mikutano ya zamani:

"Ndugu wananchi! Sare imekaguliwa. Imepita. Mtoto aingie!"

Makofi. Lindiwe akaingia. Papa Célestin alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akambusu mashavu yote, na alicheza siku ile mpaka vijana wakaketi. Wale sita walicheza pia, lakini nyuso zao zilikuwa zinaomba jioni ifike.

Nomsa akaninong'oneza, "Mlikuwa mnafanya nini mle ndani?"

"Tunakagua sare."

"Na mbona una sindano mdomoni?"

Najua mnasema mwisho mzuri, sasa uchungu wa nini? Tulieni.

Papa alikwenda hospitali kweli. Akasubiri zamu yake, akapasuliwa, akapona. Malume alikuwa anamtembelea na machungwa, wanabishana kuhusu namna ya kupiga pasi kola.

Mwezi uliopita Papa akaomba nafasi ya kutoa ushuhuda kanisani. Nomsa, Lindiwe na mimi tukaenda, tukakaa safu ya mbele, nimevaa vizuri, maana nilijua nitatajwa.

Akapanda na ile picha mkononi, ameitia fremu. Akasema yote, kwa furaha, hafichi tena kitu. Ngiri, miaka miwili, kutolala. Akasema Mungu alimfungulia kitabu cha kale na kumwekea kidole chake juu ya ukurasa. Watu wanalia. Akasema Mungu akamfunga mkanda kwa mikono yake mwenyewe. Amina! Haleluya!

Kisha akawashukuru ndugu zake waliokubali kuuvaa pamoja naye ili kumsitiri, na akawataka wasimame. Wao walikuwa hawajui kitu! Hawakukubali chochote! Ndiyo kwanza wanagundua, mbele ya kanisa lililojaa, kwamba walicheza siku nzima na mkanda wa ngiri. Trésor alicheka mpaka akainama, na nampenda zaidi kwa hilo. Wale sita hawajanisalimia hadi leo. Mmoja anavuka barabara akiniona.

Na mimi? Nikasubiri. Mwisho kabisa, wakati anashuka, akakumbuka. "Pia namshukuru jirani mmoja, anashonaka."

JIRANI MMOJA, wakuu. Binti yangu anazaa mjukuu wake mwezi wa tano. Nimepiga magoti na sindano mdomoni. Mungu amefunga mkanda, jirani anashonaka!

Jioni ile akaja gerejini na jozi ya viatu vyeusi, namba yangu hasa. Akakaa kwenye kiti, akaegemea. Akasema beau-frère usinune, pale mbele watu ni wengi, mtu anasahau. Viatu nimevipokea. Kununa sijaacha.

Nilichojifunza nawaambia bure. Mwanaume mwenye uvimbe kinenani aende hospitali, asisubiri fundi akosee. Mafundi wenzangu, picha ikija na maneno msikate maneno, tafuteni mtu awasomee, hata kama yana bei ya shilingi. Na mke akiuliza mbona mtu hana suruali, simamisha cherehani.

Deo, ukisoma hapa, nakudai maelezo.

Sasa nawaomba mlio na Kiingereza au mliosoma mambo ya kale mnisaidie. Nina picha moja ya mwanamke wa Kizungu, amekaa ametulia, kichwani amevaa kitu kama kofia ya chuma yenye mirija miwili inayoingia puani, na anatabasamu. Maneno nilishayakata. Kuna mama mmoja wa Berea ameweka kidole hapo, anataka kofia kumi na mbili za kitambaa cha kung'aa kwa send-off ya mdogo wake, na Jumanne analeta kitambaa.

Anayejua kile ni nini aniandikie hapa chini kabla sijashika mkasi.